Nchi ya Vijito, Nchi ya Shaba

Leo ni Jumapili ya tatu ya Kwaresima, na katika parokia za Kolwezi ambako wakatekumeni wanatayarishwa kwa ubatizo wa mkesha wa Pasaka, imesomwa asubuhi hii Injili ya Yohana, mlango wa nne, kisa cha mwanamke Msamaria aliyekwenda kisimani saa sita ya mchana akamkuta mgeni aliyemwomba maji. Ndugu zetu Wamethodisti, Wagarenganze na Wapentekoste, ijapokuwa kalenda zao za masomo huenda zikawa nyingine, kisa hiki wanakijua sawasawa na sisi, na aghalabu wanakihubiri vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo nitakayoyasema nayasema kwa wote, na kwa Waislamu pia walio jirani zetu, ambao Kitabu chao nacho kinafundisha kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji.

Neno nitakalo kulisema ni moja, nalo ni hili: kwamba maji ya uzima yatajwayo na Maandiko hayakuletwa ili tuyasahau maji ya mtoni, bali yamesimama juu yake kama batini isimamavyo juu ya dhahiri, na ya kuwa mtu ahubiriye yale ya kwanza huku ameyanyamazia ya pili, katika mji kama huu wetu, amelipunguza Neno la Mungu hata kama sauti yake ni tamu na machozi yake ni ya kweli.

Tuanze na Musa. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa nane, Musa anawaeleza watu waliochoshwa na jangwa sifa za nchi wanayoiendea, nasi watu wa Lualaba tukimsikiliza kwa makini twaona kana kwamba anatuhesabia ya kwetu. Haanzi na madini. Anaanza na vijito na chemchemi na maji ya vilindi yabubujikayo mabondeni na milimani. Kisha anashuka kwenye ngano na shayiri, mizabibu na mitini, mizeituni na asali. Na mwisho kabisa, mkate ukiisha kupatikana pasipo upungufu, ndipo anapotaja mawe yaliyo na chuma ndani yake na vilima ambavyo mtu atachimba shaba humo. Sidhani kwamba mpangilio huo ulitokea hivihivi. Kwa maana mara tu baada ya kuitaja shaba, Musa anageuza sauti na kuonya: jihadhari, usije ukashiba, ukajenga nyumba nzuri, fedha na dhahabu yako ikaongezeka, moyo wako ukainuka, ukamsahau Yule aliyekutolea maji katika mwamba mgumu. Maelezo yale yamefunguliwa kwa maji, yakapita katikati ya madini, yakarudi tena kwa maji. Na aliyeyatia madini katikati alijua kwa nini.

Jambo hilihili limo katika kurasa za kwanza kabisa za Biblia, na huwa nashangaa kwamba halisemwi sana katika mimbari za nchi hii. Mto ulitoka Edeni kuinywesha bustani, nao ukagawanyika ukawa vichwa vinne: Pishoni, Gihoni, Hidekeli na Frati. Huo Pishoni, asema mwandishi wa Mwanzo, ndio unaoizunguka nchi ya Havila, ambamo mna dhahabu, na dhahabu yake ni njema, tena mna bedola na vito vya shohamu. Tazama basi: kabla ya dhambi ya Adamu, kabla ya jasho na miiba, Maandiko yamekwisha kuweka mto na madini pamoja katika sentensi moja, wala hayakuona ubaya wowote kwamba ardhi ina utajiri tumboni mwake. Mimi si katika wale wanaodhani kwamba shaba ni laana. Shaba ni kiumbe cha Mungu, na kobalti kadhalika. Lakini mto ndio uliotangulia, na ni mto unaoizunguka nchi ya madini, wala si madini yanayouzunguka mto.

Na sisi je? Mto wetu ni Lualaba, uchimbukao katika nyanda za juu za Katanga kusini mwa Kolwezi, karibu na mpaka wa Zambia, ukashuka kaskazini kwa magenge ya Nzilo, ukaingia katika bonde la Upemba lenye maziwa na matete, na kuendelea hata ukaitwa Kongo na kumwagika katika bahari ya Atlantiki. Huko Upemba, mahali paitwapo Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliofukua makaburi ya kale mnamo miaka ya 1957 na 1958 waliwakuta watu waliozikwa karne nyingi zilizopita wakiwa na vyungu vyao na misalaba midogo ya shaba, ile ambayo mababu waliitumia kama fedha. Watu wa majini waliokula samaki wa Lualaba na kulala mauti yao pamoja na shaba iliyotoka katika vilima vya kusini. Maji na shaba havikuwa maadui kwao. Mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, mto haukuachwa nyuma: bwawa la Nzilo lilikamilika mwaka 1952 na la Nseke likafuata mwaka 1956, na tangu hapo nguvu ya maji ya Lualaba ndiyo iliyogeuka umeme wa kuendeshea migodi na viwanda. Hata namna ya kuipata shaba yenyewe imekuwa kazi ya maji, maana mawe husagwa, yakaloweshwa katika maji yenye asidi, shaba ikayeyuka humo, kisha ikavutwa kwa umeme mpaka ikashikamana na bamba. Hakuna kipande cha shaba kitokacho katika kiwanda cha Luilu ambacho hakikupita majini kwanza, na kwa kweli kila tani iondokayo hapa kwa malori ni deni letu kwa mto.

Sasa, Maandiko yanaposema maji yaliyo hai, yanasema nini? Kwa Waebrania, maji yaliyo hai yalikuwa yale yaendayo yenyewe, ya chemchemi au ya mto, tofauti na yale yaliyotekwa na kuwekwa birikani. Sheria ya Mambo ya Walawi ilitaka maji ya namna hiyo kwa kumtakasa aliyepona ukoma. Katika bonde la Gerari watumishi wa Isaka walichimba wakapata kisima cha maji hai, na wachungaji wa pale wakagombana nao wakidai kwamba maji ni yao. Wakachimba cha pili, ugomvi ukazuka tena. Mpaka walipochimba cha tatu ambacho hakikugombewa, wakakiita Rehobothi, maana Mungu amewapa nafasi. Na visima vya Ibrahimu baba yake, Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa kuvijaza udongo. Ni visa vidogo, lakini vinatuonyesha kwamba tangu mwanzo jambo la maji hai lilikuwa pia jambo la haki: nani ana mamlaka ya kuteka, na nani amefukia kisima cha mwenziwe. Yeremia akaja akalichukua hilo akalitia ndani ya moyo wa mtu, akasema kwamba watu wametenda maovu mawili, kwanza wamemwacha Mungu aliye chemchemi ya maji hai, na pili wamejichimbia mabirika yaliyopasuka yasiyoweza kuhifadhi maji. Na Wakristo wa kwanza, katika kile kitabu kidogo kiitwacho Didake, ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kuwa cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ile ya pili, waliagiza kwamba ubatizo ufanywe katika maji hai. Kama hayapo, basi katika maji mengine. Na kama yote mawili hayapo, maji yamiminwe kichwani mara tatu. Wazee wale walipendelea mto.

Niruhusuni hapa nipite kando kidogo. Katika karne ya kumi na tisa David Livingstone, ambaye alifia mwaka 1873 huko Bangweulu akiwa amepiga magoti, kama wasemavyo watumishi wake, alitumia miaka yake ya mwisho akiufuata huu Lualaba kwa kudhani kwamba ndio mwanzo wa Nile. Nao Nile, tangu zama za Yosefu mwandishi wa historia ya Wayahudi, ulihesabiwa na wengi kuwa ndio Gihoni, mto wa pili wa Edeni. Hata Waethiopia mpaka leo wanaiheshimu chemchemi ya Abay kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mzee yule alipofika Nyangwe mwezi wa Machi 1871 na kuutazama mto wetu, alikuwa kwa namna fulani akitafuta mto wa Peponi. Alichokiona huko tarehe 15 Julai mwaka uleule ni bunduki za watu wa misafara ya biashara zikiwafyatukia akina mama waliokuja sokoni, na mamia wakijitupa mtoni wakazama. Wafanya biashara wale walikuwa wakisema lugha hii ninayowasemesha sasa. Sitaki kuirefusha habari hiyo, ila nataka tujue kwamba Lualaba umekwisha kuona mengi, na si mto wa picha za vitabuni.

Narudi kwenye njia. Biblia haisemi tu juu ya maji matamu. Inasema pia, tena kwa uwazi mkubwa, juu ya maji yaliyoharibika. Siku tatu baada ya kuvuka Bahari ya Shamu watu walifika Mara, wakakuta maji hayanyweki kwa uchungu, wakanung'unika, na Musa akaonyeshwa mti, akautia majini, yakawa matamu. Katika Ufunuo nyota iitwayo Pakanga inaanguka juu ya theluthi ya mito na chemchemi, na watu wengi wanakufa kwa sababu maji yametiwa uchungu. Lakini kisa kinachonigusa kupita vyote, na ambacho ningependa kila diwani na kila mkurugenzi wa mgodi akisome, ni cha Yeriko katika kitabu cha Wafalme wa Pili, mlango wa pili. Watu wa mji ule walimwendea nabii Elisha wakamwambia kwa adabu kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, kama yeye mwenyewe bwana wao aonavyo, ila maji yake ni mabaya, na kwa hiyo nchi inapoteza uzao wake. Elisha hakuwaambia wavumilie. Hakuwaambia kwamba maji ya mbinguni yatawatosha. Aliomba chombo kipya chenye chumvi, akaenda mpaka kwenye chimbuko la maji, akaitia chumvi pale pale, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba maji yameponywa na kwamba hayataleta tena mauti wala kuharibu mimba. Zingatieni neno hilo la chimbuko. Nabii hakushughulika na mtungi wa mtu mmoja mmoja. Alikwenda pale ubaya ulipoanzia.

Mji wetu nao umekaa mahali pazuri. Hali ya hewa ni njema, udongo ni mwekundu, masika hayakosi, na chini ya miguu yetu iko kobalti ambayo dunia nzima inaitamani kwa betri za magari na za simu, hata Kongo peke yake ikatoa kiasi cha sehemu 7 katika kila 10 za kobalti inayochimbwa ulimwenguni. Lakini mwulize mama wa Kapata, au mzee aliyekuwa akitega samaki katika mto Musonoi, maji yakoje. Mwaka 2016 mashirika ya Amnesty International na AFREWATCH yalieleza jinsi akina mama na watoto wanavyosimama katika maji ya ziwa Malo, karibu na Kapata, wakiosha na kuchekecha mawe yenye madini. Mwaka 2024 AFREWATCH hao hao, pamoja na shirika la RAID la Uingereza, walitoa taarifa juu ya vijiji vilivyo karibu na migodi mikubwa ya eneo hili, na zaidi ya nusu ya watu waliohojiwa walisema kwamba uchafu wa maji umedhuru afya ya uzazi ya wanawake na wasichana. Mwaka 2020 waganga na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba yake alifanya kazi ya migodi. Na ni haki niseme kwamba wao hawakuyashitaki maji peke yake, kwa maana vumbi nalo lina sehemu yake, na elimu lazima isemwe kama ilivyo. Hata hivyo, mtu asomaye taarifa hizo akiwa amekwisha kusoma habari za Yeriko, atashindwaje kutetemeka? Karne nyingi zimepita, na malalamiko ni yaleyale: mahali ni pazuri, maji ni mabaya, na tumbo la uzazi ndilo linalolipa.

Na asidi, ambayo pasipo hiyo shaba haiyeyuki, inapita barabarani kwetu mchana na usiku. Wengi wenu mnakumbuka mwezi wa Februari 2019, pale Kabwe karibu na Tenke, lori lililobeba asidi lilipogongana na magari mengine na kumwaga mzigo wake juu ya abiria, wakafa watu wapatao 20 kwa namna ambayo sitaieleza katika redio, siku ya Jumapili, mbele ya watoto.

Hapo ndipo baadhi ya wahubiri wanaposema: ndugu, dunia hii inapita, tuyatazame maji ya uzima yatokayo katika kiti cha enzi. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nao, na sababu yangu naitoa katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1925 mtu mmoja aliyetoka Nyasaland, Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alipita katika nchi ya Walala upande wa Rhodesia ya Kaskazini akihubiri na kubatiza kwa kuzamisha, na akafundisha kwamba ubatizo wake unawafichua wachawi. Wale ambao maji yalidhaniwa kuwakataa waliuawa, wengi kwa kuzamishwa, na alipovuka mpaka akaingia Katanga mauaji yaliendelea huku kwetu, hata alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1926. Maji yalikuwa yaleyale ya mtoni, maneno yalikuwa ya Biblia ileile, na walioingia majini waliingia kwa kutaka uzima. Ishara ikitengwa na rehema, ikakatwa kutoka katika uhai wa mwili wa mtu aliyesimama mbele yako, inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kifo, na atakayeigeuza anaweza kuwa na jina la Mungu kinywani. Sisemi kwamba mhubiri anayewanyamazia walioathirika na maji mabaya ni sawa na Mwana Lesa, hasha. Nasema tu kwamba njia ile ya kuutenga uzima wa roho na uzima wa mwili tumekwisha kuona inakoweza kufika.

Iko njia nyingine, nayo pia ilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1950 Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuwa amejulikana duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu, aliwekwa katika misheni ya Ruwe hapa Kolwezi, na kati yake na wafanya kazi wa migodi pamoja na wake zao likatokea lile kundi liitwalo Jamaa. Mafundisho yao yalikuwa ya Kiswahili, na waliyazungumza nyumbani jioni, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, juu ya mambo matatu ambayo waliyaona kuwa ndiyo kiu ya kila mwanadamu: uzima, uzazi na mapendo. Maaskofu walikuja kuwa na mashaka juu ya baadhi ya makundi hayo, na mashaka mengine yalikuwa na msingi. Lakini jambo moja watu wale wa Ruwe waliliona kwa usahihi mkubwa kuliko wateolojia wengi wa Ulaya, yaani kwamba Mungu anapotoa uzima haugawi vipande viwili, kimoja cha mbinguni na kimoja cha tumbo la mama. Walikuwa wafanya kazi wa shaba. Walijua mwili unachoka vipi, na walijua nyumba isiyo na mtoto inalia vipi; wakasoma Injili kwa macho hayo, nayo ikawafungukia.

Tumsome basi yule Msamaria kwa macho yao. Saa sita ya mchana jua ni kali, na mwanamke anakwenda peke yake. Kisima ni cha Yakobo, kirefu, na mgeni hana cha kutekea. Nani anaanza kuomba? Ni Yesu. Kabla hajatoa maji ya uzima, ameomba maji ya kisima. Kabla hajasema juu ya chemchemi itakayobubujika ndani ya mtu hata uzima wa milele, amekiri mbele ya mwanamke wa kabila lisilopatana na lake kwamba koo lake limekauka. Si kiu ya kujifanya. Na katika Injili hiyohiyo, pale msalabani, atasema tena kwamba ana kiu, na ubavu wake utakapochomwa mkuki yatatoka damu na maji. Mathayo anaongeza kwamba siku ya hukumu Mfalme atajitambulisha kwetu kuwa ndiye aliyekuwa na kiu tukamnywesha, au hatukumnywesha. Hivyo ukitaka kujua Kristo yuko upande gani wa kisima, jibu la Maandiko liko wazi: yuko upande wa asiye na cha kutekea.

Tena kuna mwanamke mwenyewe. Tumezoea kuhubiri juu ya waume zake watano mpaka tumesahau mzigo aliokuja nao. Alipoambiwa habari za maji ambayo anywaye hataona kiu milele, aliomba apewe maji hayo ili asiwe na kiu tena, wala asije mpaka pale kuteka. Wafasiri wengi humcheka wakisema hakuelewa. Mimi naona alielewa sehemu ambayo wao hawajawahi kuibeba kichwani. Wasichana wa mitaa yetu waamkao alfajiri na mabido mikononi kwa kuwa bomba limekauka, wakapanga foleni kwenye kisima cha jirani anayeuza maji kwa bido, wakafika shule wamechelewa, wanalifahamu ombi lile kila neno lake, na sikuona mahali ambapo Yesu alimkemea kwa kuomba hivyo. Aliendelea kuzungumza naye kama na mtu mwenye akili, akamfunulia yaliyo makuu kuliko aliyowafunulia wanafunzi waliokuwa wamekwenda mjini kununua chakula, naye akauacha mtungi wake akaenda kuwaita watu.

Na kwa kuwa nimetaja kuuza, Isaya katika mlango wa 55 anawaita wote wenye kiu waende majini, na asiye na fedha pia aende, anunue pasipo fedha na pasipo thamani. Wako siku hizi wanaojaza maji katika chupa, wakayaombea, wakayauza kwa bei ambayo mjane hawezi kuilipa isipokuwa kwa kuuza unga wake. Nasema kwa huzuni na pasipo kumtaja mtu: hilo haliwezi kupatana na Isaya. Maji yanayobarikiwa katika mkesha wa Pasaka, mshumaa ukiingizwa ndani yake, hayana bei.

Wala haki ya maji haikuachwa kwa manabii peke yao. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inamhakikishia kila mtu haki ya kupata maji ya kunywa. Na Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2018, imetenga sehemu 15 katika 100 za mrabaha kwa serikali za mitaa ya mahali madini yanapotoka, na ikayataka makampuni yatoe angalau sehemu 0.3 katika 100 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Watu wa Isaka hawakuwa na karatasi kama hizo. Walikuwa na majembe tu, nao walichimba mara tatu. Ninyi mlio katika kamati za mitaa, katika parokia na katika vyama vya akina mama, ulizeni fedha hizo zimechimba visima vingapi na viko wapi, ulizeni maji yake yamepimwa na nani na yameonekana kuwa na nini, wala msikubali kuambiwa kwamba maswali hayo ni ya siasa. Ni maswali ya Yeriko.

Nitamalizia na Ezekieli, kwa sababu yeye ndiye anayetupa kipimo. Katika mlango wa 47 anaonyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, kidogo mwanzoni, kisha ya kufika vifundoni, magotini, viunoni, hata yakawa mto usiovukika kwa miguu. Nayo yakateremka mpaka Bahari ya Chumvi, ambamo hakiishi kitu, yakayaponya maji yake. Kanisa la Kilatini limeimba maono hayo kwa karne nyingi wakati wa kunyunyiza maji katika majira ya Pasaka. Lakini nabii ataonyeshaje kwamba maji yamepona kweli? Hataji nyimbo wala shangwe. Anataja wavuvi, wamesimama ufuoni tangu En-gedi hata En-eglaimu, na nyavu zao zimeanikwa, na samaki ni wa namna nyingi kama samaki wa bahari kuu. Uponyaji wa maji unathibitishwa na samaki, na miti ya kando ya mto ambayo matunda yake ni chakula na majani yake ni dawa. Na Yohana katika Ufunuo, mlango wa mwisho, akayachukua majani hayohayo akasema ni ya kuwaponya mataifa. Tena Ezekieli, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo ili kufurahisha, anaongeza kwamba matopeo na mabwawa ya pale hayataponywa, yataachwa yawe ya chumvi. Siku hizi wanapotuambia kwamba uchafu wa Musonoi, wa Dilala au wa Luilu umekwisha kutengenezwa, tusiridhike na hotuba wala na bango lililosimikwa kando ya barabara. Twende na wavuvi, tutie wavu, tuone unachotoa, na palipo na topeo lisilopona tulitaje kwa jina lake na mahali pake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, kitasomwa kisa cha mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye Yesu alimpaka tope machoni akamtuma kunawa katika birika la Siloamu. Nitakuwapo hapa saa hiihii kukizungumza nanyi. Anayetaka kujitayarisha na asome Yohana mlango wa tisa, pamoja na Wafalme wa Pili mlango wa tano, habari za Naamani, na atakayekuwa na swali alipeleke kwa katekista wake au alilete hapa redioni kabla ya Ijumaa.